Jicho Nililolificha Langoni

Mpira ulikuwa tayari kifuani mwangu wakati kiatu cha mshambuliaji wao kiliponifikia usoni. Tulikuwa Singida, kwenye uwanja wa changarawe, dakika chache tu zikiwa zimebaki, na sisi tukiongoza kwa goli moja. Nilisikia mlio ndani ya kichwa kama kibuyu kilichogongwa, lakini mpira sikuuachia. Mabeki walinizunguka, mmoja akanimwagia maji, refa akaniuliza kama naweza kuendelea. Nikasema naweza. Tuliporudi Dodoma wenzangu walinikalisha mbele kwenye lori, kwenye kiti ambacho kwa kawaida kilikuwa cha kocha, na kocha mwenyewe akapanda nyuma bila kulalamika.

Siku nne jicho la kushoto lilikuwa limevimba na kufumba kabisa. Siku ya tano uvimbe ulishuka. Nilisimama mbele ya kioo, nikaziba jicho la kulia kwa kiganja, nikajiona vizuri. Nikashukuru. Kisha nikatazama mlango uliokuwa kushotoni mwangu na sikuuona wote. Upande wa nje wa jicho palikuwa na kivuli, kama pindo la pazia ambalo mtu amelivuta kidogo na kuliacha. Nikipepesa, vilikuja vimulimuli vidogo vikizimika na kuwaka.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa golikipa namba moja wa timu ya shirika la umma la kusafirisha mizigo. Lazima nieleze maana ya hilo, kwa sababu mashirika ya namna ile hayapo tena. Shirika ndilo lililoniajiri, nikawa karani wa stoo ya vipuri, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua kutofautisha bolti na nati. Niliajiriwa kwa mikono yangu. Nilitoka kijijini, Kigogo kikiwa bado kinakisukuma Kiswahili changu, nikapewa ovaroli, glovu na kitanda bwenini. Asubuhi tulikuwa makarani, madereva na mafundi. Ikifika saa tisa tulikuwa timu.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Wafanyabiashara wakaanza kununua malori yao. Mahindi ya Kibaigwa, ambayo zamani tuliyabeba sisi peke yetu, sasa yalibebwa na yeyote mwenye gari na turubai. Malori yetu yalisimama karakanani yakivuliwa matairi ili mengine yatembee. Mwaka ule tuliambiwa shirika litauzwa, na kwamba kabla ya kuuzwa wafanyakazi watapunguzwa. Orodha ingebandikwa ligi ikiisha. Afisa utumishi alikuja mazoezini, akasimama kwenye mstari wa pembeni na viatu vyake vilivyong'aa, akasema anayekuja kununua anapenda mpira. Timu ikipanda daraja, alisema, wachezaji hawatakuwa na sababu ya kuhofia.

Zilikuwa zimebaki mechi tatu.

Hospitalini daktari wa macho alinitia dawa ya matone iliyonipanua mboni, akanimulika kwa kurunzi kwa muda mrefu, akisogea karibu hata nikasikia pumzi yake. Akazima taa.

"Kuna utando mwembamba nyuma ya jicho," alisema. "Ndio unaopokea picha. Wako umeanza kubanduka, kama karatasi ya ukutani inayoshika unyevu. Hapa hatuna vifaa. Nitakuandikia barua uende Dar es Salaam, na uende wiki hii. Ukibanduka wote, hakuna atakayeurudisha."

"Na nikichelewa kidogo?"

"Kidogo kiasi gani?"

Daktari akaandika barua, akaikunja, akanipa. "Mpaka ufanyiwe upasuaji, usiruke, usianguke, usigongwe kichwa," alisema. Hakujua kwamba alikuwa amenitajia kazi yangu yote kwa maneno matatu.

Barua ile niliiweka ndani ya kitabu cha kupokelea vipuri, stoo, mahali ambapo hakuna mtu aliyefungua ila mimi.

Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na baada ya ndoa tulikuwa tumepanga vyumba viwili mtaa wa Kikuyu. Nilimwambia daktari ameniandikia matone, jambo ambalo lilikuwa kweli. Jumapili tulirudi kutoka kanisani, tukaketi kula. Alikaa kushotoni kwangu. Akaniuliza habari za kazini, nami nikamweleza kwa kirefu kuhusu watu waliokuja na kalamu na makaratasi kukagua karakana.

"Umenisikia?" nikamuuliza nilipomaliza.

"Nimekusikia. Geuka."

Niligeuka. Alikuwa ameshika upawa wa mlenda, mkono wake umenyooka, ncha ya upawa ikiwa upana wa kiganja tu kutoka shavuni mwangu. Mlenda ulikuwa umechuruzika mezani.

"Nimeushika hapa tangu ulipoanza kuongea," alisema. "Mkono umekufa ganzi."

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akifuta meza, akifuta mahali pamoja tu, tena na tena.

"Basi kesho tunakwenda Dar es Salaam," alisema.

"Zimebaki mechi tatu."

"Na macho yamebaki mangapi?"

"Nikisema sasa hivi, wananiweka nje. Nikiwekwa nje, mimi ni karani asiyejua ukarani. Jina langu litakuwa la kwanza kwenye orodha."

"Nitakwenda mwenyewe kwa kocha."

"Ukienda utakuwa umenifukuza kazi wewe."

Hilo lilikuwa neno baya, na nililisema nikijua ni baya. Aliinuka akaenda kuosha vyombo. Hakwenda kwa kocha. Miaka mingi baadaye aliniambia kuwa katika maisha yetu yote hilo ndilo jambo moja analolijutia, kwamba siku ile aliniogopa.

Golikipa haoni mpira tu. Anaona kivuli cha beki wake, anaona winga anayejifanya amechoka, anaona mtu aliyesimama mlingoti wa mbali akisubiri. Mambo hayo mengi huyaona kwa pembeni ya macho, bila kujua kwamba anayaona. Mimi sasa nilikuwa na pembe moja tu. Nikajifundisha kugeuza shingo haraka, kushoto, katikati, kushoto, katikati. Nikasogea hatua nzima kuelekea mlingoti wa kushoto ili upande niusioona uwe mfupi. Mazoezini ilinitosha. Wapigaji wetu walikuwa watu niliowazoea.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyenitazama kuliko wote. Kipa wa akiba alikuwa mtu wa Kondoa, fundi matairi wa karakana, amenipita miaka kumi. Yeye ndiye aliyekuwa namba moja nilipokuja. Nilimwondoa langoni msimu wangu wa kwanza, na tangu hapo alikaa benchi bila kununa, akavaa glovu zake kila mechi hata kama alijua hatazitumia. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi. Aliitikia marahaba bila kuongeza neno, na sikuwahi kujua ana nini moyoni juu yangu.

Siku moja baada ya mazoezi alinikuta bombani, nyuma ya karakana. Alinawa mikono polepole, akafunga bomba.

"Bwana mdogo, jicho la kushoto halioni," alisema.

Sikuinua kichwa. "Nani kasema?"

"Shingo yako. Unaichezesha kama kuku. Nimekaa benchi misimu minne, kazi yangu kukutazama wewe tu. Nisipoijua shingo yako nijue nini?"

Nilijua hesabu yake, au nilidhani naijua. Alikuwa mzee kwa mpira, ana watoto wanne, na jina lake lingeweza kuwa kwenye orodha kabla ya langu. Neno moja kwa kocha lingemrudisha langoni.

"Utasema?" nikamuuliza.

Alijikausha mikono kwenye ovaroli. "Nikisema, watu watasema nimekuzushia nipate namba. Sitaki kuirudia namba yangu kwa njia hiyo. Lakini nisikilize vizuri. Mechi zote tatu nitapasha misuli nyuma ya goli lako. Hakuna atakayeniuliza, kipa wa akiba ana ruhusa ya kupasha misuli. Mtu akiingia kutoka kushoto nitakwambia. Ila siku utakapoona huwezi, kaa chini. Usisubiri wafunge. Kaa chini tu katikati ya goli, mimi nitaelewa, nitaingia. Umenisikia?"

"Nimekusikia, kaka."

"Niahidi."

Nikamwahidi.

Mechi ya kwanza tulicheza hapa hapa mjini. Alikimbia polepole nyuma ya nyavu, akinyoosha viungo, na sauti yake ikanijia chini chini. "Wa kushoto yuko huru. Anakuja. Toka sasa." Nilitoka nikaupiga ngumi mpira ambao sikuuona mpaka ulipokuwa mbele ya pua yangu. Tukashinda. Mechi ya pili ilikuwa ugenini, tukatoka sare, na kipindi cha pili nilitambua kwamba pindo la pazia lilikuwa limesogea. Lilifika karibu na pua. Sikumwambia yeye wala mke wangu.

Mechi ya tatu tulirudi nyumbani, Jumamosi, na hesabu ilikuwa rahisi hata watoto waliijua: tukishinda tunapanda. Uwanja ulijaa. Wafanyakazi wote wa shirika walikuja na familia zao, madereva wakaegesha malori matatu mazima yaliyobaki nyuma ya ukuta na watu wakapanda juu ya bodi zake. Upepo wa Dodoma mnaujua. Tangu mchana ulikuwa unabeba vumbi jekundu na kulimwaga uwanjani, unanyamaza kidogo, unarudi tena.

Kipindi cha kwanza tulipata goli. Aliyelianzisha alikuwa beki wetu wa kushoto, dereva wa shirika, mtu mfupi mwenye miguu iliyopinda kidogo, ambaye alikuwa akipanda na kushuka pembeni mwa uwanja kama anafukuzwa. Nilicheza nyuma yake miaka minne. Alikuwa na tabia ya kuimba akiwa uwanjani, wimbo usio na maneno, na mimi nilizoea kujua mahali alipo kwa kuusikia. Siku ile kelele za watu zilikuwa nyingi mno. Sikumsikia hata mara moja.

Mapumziko yalipoisha, kamisaa wa mchezo alimfuata kipa wa akiba nyuma ya goli langu, akamwambia wachezaji wa akiba wote wakae benchi, hataki mtu asimame nyuma ya lango. Nilimwona kaka yule akijaribu kumweleza. Kamisaa akaonyesha benchi kwa kidole. Kaka akaondoka akitembea kinyumenyume, akinitazama, na alipofika katikati ya uwanja aliweka kiganja chini, hivi, kama mtu anayetuliza vumbi. Kaa chini. Nilielewa. Nikageuza uso.

Sasa nilikuwa peke yangu na nusu ya uwanja. Wapinzani walitujia kama watu waliosikia habari zangu, ingawa hawakuwa wamesikia lolote. Krosi baada ya krosi, na nyingi zilitoka kushoto kwangu, kwa sababu upande huo upepo uliwasaidia. Nyingine niliziwahi kwa kubahatisha. Dakika ya sitini hivi, mtu alipiga shuti kutoka pembeni. Sikuliona likiondoka mguuni. Niliuona mpira ukiwa tayari umenipita, ukagonga mlingoti kwa nje, ukatoka. Watu wakashusha pumzi uwanja mzima. Mabeki wangu walidhani nilikuwa nimeuacha kwa makusudi, kwamba nilikuwa nimepima. Mmoja alinipigia makofi.

Nilitazama benchi. Kipa wa akiba alikuwa amesimama, amekwisha kuvua koti la juu. Alinyoosha mikono miwili mbele yake na kuishusha chini. Hakuificha tena ishara yake. Kocha alimgeukia, akamwuliza kitu, naye akaendelea kunitazama mimi.

Huo ndio wakati ninaourudia. Nilikuwa nimeahidi. Nilijua kwa hakika, si kwa kudhani, kwamba sioni. Magoti yangu yalijikunja kidogo, hiyo nakumbuka, yalianza kukaa yenyewe. Kisha nikafikiria orodha. Nikafikiria bweni nililotoka na kijiji nilichotoka kabla ya bweni. Nikanyoosha magoti, nikapangusa glovu kwenye kaptura, nikapaza sauti kuwapanga mabeki.

Dakika kumi baadaye krosi nyingine ilitoka kushoto, ya juu, ikielea kwa sababu upepo ulikuwa umeishika. Hiyo niliiona vizuri, ilikuwa imekwisha kuingia upande wangu wa kulia. Nikasema moyoni, hii yangu. Nilisikia sauti ya mtu ikisema "yangu" lakini sikujua inatoka wapi. Nilikimbia hatua tatu, nikaruka, goti mbele kama tulivyofundishwa, ngumi juu. Mpira niliupiga vizuri ukaenda mbali. Goti langu lilimpiga mtu. Nilihisi kitu kikivunjika chini ya goti, kikavunjika taratibu, kama kijiti kibichi.

Alikuwa beki wetu wa kushoto. Alikuwa mbele yangu wakati wote, amesimama mahali pake, mahali ambapo mimi sikuwa na macho.

Alilala chini ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia na hakulia, alikuwa anavuta pumzi kwa meno. Watu uwanjani walishangilia. Walikuwa wameona golikipa aliyeruka juu ya watu wanne na kuokoa. Juu ya malori walikuwa wakiimba jina langu la utani. Walipombeba kwenye machela akipita mbele yangu, nilimwita, naye akafumbua macho akaniangalia bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Nilikaa katikati ya goli, miguu mbele, mikono juu ya mapaja.

Kocha alikuja mbio. Alikuwa mtu mkali, askari mstaafu, na hakuwahi kuingia uwanjani kabla ya kuitwa. "Umeumia wapi?" akauliza.

"Leo sijaumia, mwalimu. Sioni."

"Vumbi?"

"Jicho la kushoto halioni. Tangu Singida."

Alinitazama kwa muda, halafu akatazama machela iliyokuwa inatoka nje ya uwanja, na nilimwona akiunganisha mambo hayo mawili. Hakunitukana. Akasema kwa sauti ya chini, "Toka hapa." Kipa wa akiba alikuwa amekwisha kufika. Nilitaka kumpa glovu zangu kwa sababu zilikuwa mpya kuliko zake. Akakataa kwa kichwa, akaenda kwenye mstari wa goli, akauchora katikati kwa kisigino kama walivyokuwa wakifanya makipa wa zamani.

Nilitazama dakika zilizobaki kutoka benchi kwa jicho moja. Alidaka kila kitu. Mara moja alilala chini ya miguu ya watu wawili na kuinuka na mpira, nami nikashika kichwa kwa sababu nilijua mimi nisingeufikia hata na macho yangu yote. Tulishinda kwa goli lile lile moja. Watu wakaingia uwanjani, wakambeba juu mtu wa Kondoa ambaye kwa misimu minne hakuna aliyekumbuka kumpa mkono. Mimi niliondoka kwa mlango mdogo, nikiwa bado na jezi yangu mwilini, nikaenda hospitali.

Beki wa kushoto alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amefungwa bandeji mabegani na mkono umening'inizwa kwa kitambaa. Mfupa wa mtulinga, ule wa begani, ulikuwa umevunjika mara mbili. Mkewe alikuwa ametoka kutafuta uji.

"Tumepanda?" aliniuliza.

"Tumepanda."

Alitabasamu. Kisha akasema, "Niliita. Niliita 'yangu'. Hukusikia?"

"Nilisikia. Sikujua uko wapi."

Nikamweleza yote, jicho, barua ya daktari, ishara za kipa wa akiba. Nilimweleza hata zile dakika kumi, ingawa hakuna aliyenilazimisha na yeye asingejua kamwe. Alisikiliza akiangalia vidole vyake vilivyotokeza kwenye kitambaa.

"Mimi ni dereva," alisema mwishoni. "Mkono huu ndio wa gia."

Akajaribu kuvikunja vile vidole.

"Nenda nyumbani," alisema.

Orodha ilibandikwa Jumatano. Jina langu lilikuwamo. Jina la kipa wa akiba lilikuwamo. La beki wa kushoto halikuwamo, kwa sababu mnunuzi alihitaji madereva. Nilikwenda ofisini kwa afisa utumishi, si kujitetea, ila kuuliza. Alikuwa mtu muungwana, akaniambia ukweli. Orodha ilikuwa imepigwa chapa tangu kabla ya mechi ya Singida. Ilipangwa kwa idara, na stoo ya vipuri ilifutwa nzima, karani na shelfu zake. Mpira haukuwa na uhusiano wowote. Yale aliyotuambia uwanjani aliambiwa ayaseme ili tusivunjike moyo.

Nilirudi stoo nikachukua kitabu cha kupokelea, nikatoa barua ya daktari.

Dar es Salaam walinipokea, wakanipima, wakaniambia nimechelewa. Walijaribu hata hivyo. Nililala kifudifudi siku tisa, mke wangu amekaa sakafuni karibu na kitanda akinisomea gazeti, na walipofungua bandeji palikuwa na mwanga kidogo, kama wa chumba chenye dirisha lililozibwa kwa gunia. Mpaka leo ni hivyo hivyo.

Niliporudi, nikasikia kwamba beki wa kushoto naye hana kazi. Mnunuzi alikuja na malori mapya, akataka madereva siku hiyo hiyo, na yeye alikuwa bado amefungwa mkono. Waliandika mwingine mahali pake. Na timu waliyosema wanaipenda waliivunja kabla msimu haujaanza, nafasi yetu ya daraja wakaipa timu ya mji mwingine. Kipa wa akiba alirudi Kondoa bila kucheza hata mechi moja kwenye daraja alilotupandisha. Alikuja kuniaga. Nilimwambia, kaka, nilikuahidi. Akasema, "Ulikaa. Ulichelewa, lakini ulikaa," na kusema kweli sikujua kama ananifariji au ananihukumu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Beki wa kushoto alikuwa na shamba la mtama Nzuguni, nje ya mji, ekari mbili, na mtu mwenye mkono mmoja halimi. Nilichukua jembe, nikaenda. Sikuomba ruhusa kwa sababu niliogopa atakataa. Nilianza upande wa mbali na nyumba yake. Alitoka akasimama mlangoni, akanitazama, akarudi ndani. Ikawa hivyo siku nyingi. Nilipanda, kisha nikarudi kupalilia, na yeye hakunisemesha hata salamu. Mkewe aliniletea maji, akayaweka chini mbali kidogo na mimi, akaondoka. Kila nilipoinama nilisikia macho ya mumewe mgongoni, na nilikuwa na hofu kuliko niliyowahi kuwa nayo langoni, kwa sababu langoni angalau nilijua nangoja nini.

Wiki ya tatu ya palizi beki mwenyewe alikuja mpaka shambani. Alisimama nyuma yangu.

"Mstari huo umeuruka," alisema.

Nilitazama. Kushotoni kwangu palikuwa na mstari mzima wa mtama umefunikwa na magugu, nimeupita kana kwamba haupo.

"Sikuuona," nikasema.

"Najua." Akachuchumaa kwa shida, akaanza kung'oa magugu kwa mkono wake mzima. Tulienda hivyo mpaka mwisho wa shamba, mimi na jembe kulia, yeye kushoto. Tulipofika mwisho akasema tugeuze, na tukageuza.

Msimu uliofuata mkono ulikuwa umepona, ingawa bega lilibaki chini kuliko jingine. Mfanyabiashara mmoja wa mahindi alikuwa anatafuta dereva, akataka kumjaribu kwanza, akamwambia apeleke lori tupu kutoka Dodoma hadi sokoni Kibaigwa na kulirudisha na mahindi. Beki akaniomba niende naye. Nilipanda, nikakaa upande wa abiria, kushotoni kwake. Kwenye mteremko wa kwanza alibadilisha gia na nilimwona akiuma mdomo. Gia ya pili ilimtoa jasho. Nikamwuliza kama asimamishe gari apumzike.

"Wewe tazama barabara tu," alisema.

Tulifika Kibaigwa saa nne, wachuuzi wakaturukia na bei zao kabla gari halijasimama. Yeye alipata kazi siku ile, akaifanya miaka kumi na minane. Mimi niliona jinsi madalali wanavyopima gunia kwa kulinyanyua kidogo tu kwa mikono, na nikajaribu kunyanyua moja, na jingine. Mikono yangu ilijua uzito. Nikabaki sokoni kuzungumza na mzee mmoja aliyekuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kununua, na jioni rafiki yangu aliporudi kutoka kupakia, mzigo umefungwa turubai, nilimwambia aende tu na amwarifu mke wangu, mimi nitakuja kesho yake.